Jina Kwenye Msuka

Panga na Visu ni jina la kitabu kilichotolewa Ujerumani mwaka 2009. Waandishi wake, Manfred Zirngibl na Alexander Kubetz, walijaza humo picha za silaha fupi, ngao na vyuma vya heshima kutoka Afrika, vingi vikiwa vya Kongo. Mtu wa Goma akikiona kwenye rafu atadhani kimeandikwa kwa ajili yake. Akifunua, anakuta Kijerumani. Zirngibl alikuwa ameanza kazi hiyo zamani, tangu kitabu alichokitoa pamoja na Werner Fischer mwaka 1978, na hadi leo vitabu hivyo ndivyo wakusanyaji wa visu vya Kiafrika wanavyovipekua kabla ya kutoa fedha. Kisu kilichoko mezani kikifanana na kile cha kitabuni, muuzaji anatabasamu.

Meza hiyo mara nyingi iko Brussels, kwenye uwanja wa Sablon, si mbali na jumba la kifalme. Kwa miaka mingi sasa, mwezi wa sita ukifika, wafanyabiashara wa sanaa za Afrika, Asia na Oseania hukusanyika katika maduka ya mtaa huo. Paris nayo ina maonyesho yake, Parcours des Mondes, ambayo tangu mwaka 2002 hufanyika kila Septemba katika vichochoro vya Saint-Germain-des-Prés. Usitafute ukumbi mmoja mkubwa wala foleni ya tiketi. Maduka yenyewe ndiyo maonyesho: milango iko wazi, unaingia hili unatoka lile, jioni ya ufunguzi kuna divai, na watu wanaongea kwa sauti ya chini kama walio msibani kwa tajiri. Bei haibandikwi. Anayeuliza bei mapema ameshajionyesha kuwa ni mgeni. Mwenyeji huanza kwa kuuliza kitu kilitoka lini, kilipita mikononi mwa nani, kimewahi kuchapishwa wapi.

Kwa mtu wa Goma kuhudhuria ni hadithi nyingine. Viza ya Schengen huombwa Kinshasa. Kutoka huku hadi Kinshasa hakuna barabara ya kutegemea, ndege ndiyo njia, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kwa hiyo wengi wetu tunayajua maonyesho haya kupitia katalogi zinazopita simu kwa simu, ambazo wauzaji huzipiga picha vizuri kuliko harusi. Katalogi ina faida yake. Kwenye duka mtu anaona haya kusimama nusu saa mbele ya kisu kimoja. Kwenye simu unakikuza mpaka unaona alama za nyundo.

Kisu cha Wamangbetu, kile ambacho vitabu hukiita trumbash, ndicho kinachovuta macho haraka. Bapa lake limepinda kama mundu, lina mgongo ulioinuka katikati na matundu machache yaliyotobolewa karibu na mpini. Mpini ni wa mti au wa pembe ya ndovu, mara nyingine umezungushiwa waya wa shaba, na ule wa bei kubwa kabisa umechongwa kichwa cha mtu mwenye utosi mrefu uliolala nyuma, kwa desturi ya Wamangbetu ya zamani ya kuwafunga watoto vichwa. Mwaka 1870 mtaalamu wa mimea Georg Schweinfurth alipofika kwa Mfalme Mbunza, kaskazini mashariki mwa Kongo ya leo, alimkuta ameshika kisu cha umbo hilo kilichofuliwa kwa shaba nyekundu tupu. Shaba haikati kitu cha maana. Kisu kile kilikuwa cha kuonwa, na Mbunza alijua hivyo zamani kabla ya muuzaji yeyote wa Sablon kuzaliwa.

Kando yake utaona kpinga cha Wazande, kisu cha kurusha kilichochipua makali huku na huku kama tawi, na upanga wa ngulu kutoka Ekweta, wenye bapa lililopinda kama ndoana. Huu wa mwisho hauachwi bila hadithi: karatasi yake itasema kuwa ulikuwa wa kukatia watu vichwa. Hadithi hiyo ina mzizi. Mwaka 1890 Mwingereza E. J. Glave, aliyekuwa amefanya kazi mtoni Kongo, alichapisha katika jarida la Marekani maelezo na michoro ya mtumwa akiuawa kwa upanga wa namna hiyo, na tangu hapo kila ngulu imerithi damu ya yule mmoja, hata zile ambazo kazi yake ilikuwa kuchezwa ngomani na kuonyesha hadhi ya mwenyewe. Mnunuzi anapenda kuogopa kidogo. Muuzaji anamsaidia.

Mimi binafsi ningesimama zaidi mbele ya liganda, chuma cha Walokele, Waturumbu na Watopoke wa upande wa Kisangani. Ni ncha ya mkuki iliyokuzwa hadi ikafikia urefu wa mtu, nyembamba, nyepesi kuliko inavyoonekana. Hakuna awezaye kupigana nayo. Ilikuwa fedha: ililipwa kwa mahari na kwa madeni makubwa. Mhunzi aliyeweza kukivuta chuma hadi urefu huo bila kukikunja wala kukipasua, kwa mivukuto ya ngozi na fuawe la jiwe au chuma, alikuwa fundi wa kiwango ambacho leo tungekilipia. Sablon wanaisimamisha kwenye kitako cheusi, wanaiangazia taa kutoka juu, na inakuwa sanamu.

Sasa soma karatasi iliyoko chini ya kitako. Zote zina mpangilio mmoja: jina la kabila, jina la nchi, chuma, shaba, mti, mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa ya 20, sentimita kadhaa. Kisha unaanza mstari ulio mrefu kuliko yote, wa wamiliki: ofisa fulani wa jeshi la mkoloni, warithi wake, mkusanyaji wa Antwerp, nyumba fulani ya mnada, mkusanyaji wa Paris. Kila aliyekishika kisu tangu kilipovuka bahari ametajwa. Aliyekifua hayumo.

Nani amesema upanga hauwezi kuwa na jina la fundi wake? Twende Tokyo.

Huko, kila mwaka majira ya majani kupukutika, wafanyabiashara wa panga hukutana Shinbashi, katika jengo la Tokyo Bijutsu Club, kwa maonyesho yanayoitwa Dai Token Ichi. Hapa mgeni anaruhusiwa kushika, lakini kuna adabu zake. Unainamisha kichwa kwanza. Upanga unautoa kwenye ala taratibu, makali yakitazama juu, ili usiyasuguishe kwenye mti. Bapa haliguswi kwa kidole, maana jasho la mkono huleta kutu, na hakuna kuzungumza ukiwa umeuinamia, maana mate nayo ni maji. Unaulaza juu ya kitambaa, unaunyoosha kuelekea taa, na unatafuta mahali mwanga unapovunjika.

Kinachotafutwa ni kazi ya matiko. Mhunzi wa Kijapani, kabla ya kuuchovya upanga majini, huupaka udongo: mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali. Ukitoka motoni na kutumbukizwa, makali yanapoa ghafla na kuwa magumu sana, mgongo unapoa polepole na kubaki mlaini kiasi, na upanga unajipinda wenyewe kwa sababu pande mbili za chuma hazikukubaliana. Mpaka wa ugumu na ulaini unabaki chumani kama mstari mweupe wa ukungu. Kila shule ya wahunzi ilikuwa na namna yake ya kuuchora mstari huo, wengine kama mawimbi, wengine mnyoofu kama uzi. Chuma chenyewe huyeyushwa kwa mchanga wa chuma na makaa. Tanuru la kienyeji la Shimane lililofufuliwa mwaka 1977 ndilo linalowalisha wahunzi wengi wa leo.

Halafu unang'olewa mpini. Kigingi kimoja cha mwanzi kikitoka, mpini unavuliwa, na unabaki msuka: kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini, kisichonolewa wala kung'arishwa. Msuka wa upanga wa Kijapani ndio kitambulisho chake. Kutu yake nyeusi haisafishwi hata siku moja, kwa kuwa kutu ya miaka 500 haifanani na ya miaka 50, na anayeisugua ameuteketeza ushahidi. Hapo ndipo mhunzi alipochonga kwa patasi jina lake, pengine na mkoa wake, pengine na mwaka.

Na hapo ndipo uongo ulipo pia. Jina la fundi mkubwa lilipoanza kuleta fedha, mafundi wadogo na walaghai walilichonga kwenye kazi zao kwa mamia ya miaka. Kuna tatizo jingine gumu zaidi: panga nyingi za kale zilikuwa ndefu mno kwa mitindo ya vizazi vilivyofuata, zikafupishwa kutokea upande wa msuka, na jina likakatwa likatupwa na kipande. Wajapani hawakusema basi, ni upanga wa Wajapani, karne ya 14, chuma. Ukoo wa Hon'ami, waliokuwa wakaguzi wa watawala, walifanya kazi ya kuusoma upanga usio na jina kwa umbo lake, punje za chuma chake na mstari wa matiko yake, wakatoa hati ya kumtaja fundi, na mara nyingine wakalipachika jina hilo kwa dhahabu kwenye msuka. Leo kazi hiyo inafanywa na chama cha kuhifadhi panga za sanaa, NBTHK, kilichoanzishwa mwaka 1948; hati zake zina ngazi, na kwenye maonyesho bei hupanda ngazi hizohizo.

Mwaka wa kuanzishwa kwake si wa bahati. Japani ilipojisalimisha mwaka 1945, Wamarekani waliamuru silaha zote zikusanywe, na upanga ni silaha. Malaki ya panga yaliharibiwa au kuondoka mifukoni mwa askari kama kumbukumbu ya vita. Mtaalamu Honma Junji na wenzake walimshawishi ofisa wa Kimarekani, Kanali Cadwell, kwamba upanga wa sanaa si bunduki, na maelfu yaliyokuwa yamelundikwa katika bohari la Akabane, Tokyo, yakachambuliwa, ya thamani yakaokolewa. Si yote. Upanga uitwao Honjo Masamune, uliorithiwa na wakuu wa ukoo wa Tokugawa, ulipelekwa kituo cha polisi cha Mejiro Desemba 1945, ukachukuliwa mwezi uliofuata na askari wa Kimarekani, na haujaonekana tena. Kuna mwingine uliopata bahati. Upanga wa Kunimune, mali ya hekalu la Terukuni huko Kagoshima, ulipotea wakati huohuo, ukaangukia kwa mkusanyaji wa Kimarekani, Walter Compton, mkuu wa kampuni ya dawa. Alipotambua ni upi, mwaka 1963 aliurudisha bila kudai hata senti. Aliutambua kwa nini? Kwa sababu ulikuwa umeandikwa. Kitu chenye jina kinaweza kudaiwa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo maonyesho ya Tokyo na ya Brussels yanapoachana, ingawa taa na vitako vinafanana. Ya kwanza yanamfuata fundi kwa kurudi nyuma. Ya pili yanamfuata mchukuaji.

Watetezi wa Sablon wana jibu lao: Waafrika hawakuandika majina kwenye vyuma. Ni kweli hawakuandika. Lakini kutoandika si kutojua. Huko kwa Wakuba, sanamu ya Mfalme Mbop Pelyeeng imechongwa ikiwa na fuawe la mhunzi mbele yake kama alama ya utawala wake. Mfalme aliyekubali kutambulishwa kwa fuawe hawezi kuwa mtu asiyewajua wahunzi wake. Ni Wakuba haohao waliomsimulia Emil Torday, mwaka 1908, kwamba Mfalme Shyaam alikataza kisu cha kurusha vitani na kuweka mahali pake ikul, kisu kifupi cha bapa pana, kiwe alama ya amani kiunoni mwa mwanamume. Kwetu hapa Kivu Kaskazini, wazee wa Wanyanga wa Walikale wanasimulia habari za Mwindo, ambazo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliziandika kutoka kinywani mwa msimulizi Rureke mwaka 1956. Katika masimulizi hayo shujaa haendi vitani kabla ya kupitia kwa wajomba zake, ambao ni wahunzi, wamvalishe chuma mwili mzima. Asingepitia kwa wajomba, asingerudi.

Majina hayakupotea kijijini. Yalipotea kwenye safari, na safari yenyewe tunaijua.

Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alijenga kituo Mpala, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Desemba 1884 askari wake walimvamia chifu Lusinga wa Watabwa, wakamuua na kumkata kichwa. Tusijifiche: askari hao wengi walikuwa wangwana na rugaruga, watu wa lugha yetu. Sanamu ya ukoo wa Lusinga na silaha za Watabwa zilisafiri hadi Brussels. Ipo picha ya nyumbani kwa Storms, ya mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya yeye kufa: mikuki na silaha nyingine zimepangwa ukutani kama mkia wa tausi, sanamu zimesimama chini yake, na mbele kuna samani za kistaarabu. Mjane wake alivitoa vitu hivyo kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Miaka minane baada ya kifo cha Lusinga vilianza vita vya Dola Huru la Kongo dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Nyangwe na Kasongo, vya 1892 hadi 1894, na nyara zake nazo zikavuka bahari. Hakuna ofisa aliyeuliza jina la mhunzi akiwa ameshika bunduki.

Wengine walikuja bila bunduki, wakanunua. Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini mashariki kuanzia 1909 hadi 1915 kwa niaba ya jumba la makumbusho la New York, wakarudi na maelfu ya vitu na maelfu ya picha. Mahitaji yao na ya maofisa wa Kibelgiji yaliamsha soko: visu vingi vya Mangbetu vyenye mpini wa kichwa cha mtu vilichongwa miaka hiyo kwa ajili ya zawadi na wageni. Kwa hiyo kile ambacho mnunuzi wa Sablon anakitaka kama kitu cha asili kabisa, kisichoguswa na Mzungu, pengine kilitengenezwa kwa sababu Mzungu alikuwa mlangoni akisubiri. Sioni aibu ndani yake. Wahunzi wa Kijapani nao, serikali ilipowakataza samurai kutembea na panga mwaka 1876, waligeukia visu vya jikoni na bidhaa za wageni.

Goma haijawahi kuwa na Sablon yake. Kuna wauzaji wa barakoa za Walega, vinyago, vikapu, na mara chache kisu, na wateja wao kwa miaka mingi wamekuwa wafanyakazi wa mashirika na wa Umoja wa Mataifa. Biashara inategemea umri, na umri unatengenezwa: barakoa inaning'inizwa juu ya moshi, inafukiwa kwenye udongo wenye unyevu, inasuguliwa mafuta, chuma kinamwagiwa maji ya chumvi kipate kutu ya wiki mbili inayojifanya ya karne mbili. Mteja anaondoka akiamini amemwibia muuzaji. Muuzaji anajua alichouza. Tahadhari pekee ninayoitoa bure ni ya pembe: kisu chenye mpini wa pembe ya ndovu hakipiti mpaka bila vibali, na tangu mwaka 2022 Umoja wa Ulaya umebana zaidi biashara ya pembe, hata ya kale. Sheria yetu wenyewe ya Machi 1971 kuhusu mali za kitamaduni inadhibiti kutoka kwa vitu vya kale nchini. Ipo. Wanaoisoma ni wachache.

Uhunzi wenyewe ungalipo. Mapanga mengi ya sokoni ni ya kiwandani, yameletwa kutoka nje, lakini mtu anayetaka kisu cha kudumu anamtafuta fundi. Chuma chake ni springi ya gari, na magari mengi ya Goma yalianzia Japani. Springi inakatwa, inalazwa kwenye makaa yanayopulizwa na feni, inatolewa ikiwa nyekundu kama papai lililoiva, inapigwa juu ya kipande cha reli. Fundi anaiangalia rangi, si saa. Ikififia anairudisha. Mwisho anaichovya upande wa makali tu, majini au kwenye oili chafu ya injini, anaitoa, anangoja joto la mgongo lirudi kuyalainisha makali kidogo yasije yakavunjika. Bila udongo wala sherehe, ni hesabu ileile ya Shimane: makali magumu, mgongo unaovumilia. Mwulize kwa nini haweki alama yake kwenye msuka, atakuambia wateja wanaijua kazi yake.

Kuna jambo moja ambalo mkusanyaji wa Ulaya hana haja ya kulifikiria na sisi hatuwezi kulikwepa. Katika wilaya ya Beni, tangu Oktoba 2014, watu wameuawa kwa mapanga usiku, vijiji kwa vijiji. Mama aliyekimbia kutoka huko hatasimama mbele ya bapa lililoangaziwa taa akasifu mstari wake. Upanga wa Kijapani ulianza kuwekwa kwenye hariri wakati ulipoacha kutembea barabarani. Ngulu iliingia sebuleni Antwerp kwa kuwa Antwerp haikuwahi kuogopa ngulu. Ukitaka kufanya maonyesho ya visu Goma leo, kwanza jibu utawaalika akina nani.

Labda ndiyo sababu mazungumzo ya kurudishiwa vitu yamekuwa ya Kinshasa zaidi. Yalianza mapema: Oktoba 1973 Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akadai sanaa zilizochukuliwa zirudi, na Desemba mwaka huohuo Baraza Kuu likapitisha azimio lililopendekezwa na Zaire. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilitoa vitu zaidi ya elfu moja, vingi vikiwa vile ambavyo taasisi ya utafiti ya wakati wa ukoloni ilikuwa imevikusanya. Miaka ya 1990 baadhi ya vilivyorudi viliibwa Kinshasa na kuibukia sokoni Ulaya, na hoja hiyo wauzaji hawajaacha kuitumia. Februari 2022 waziri mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Kongo orodha ya vitu 84,000 vilivyoko Tervuren. Juni mwaka huo Mfalme Philippe alikuja na barakoa moja ya Wasuku, Kakuungu, akaiweka katika jumba jipya la makumbusho la Kinshasa kwa mkopo usio na mwisho. Julai ikapita sheria ya kurudisha. Sheria hiyo inahusu mali ya serikali ya shirikisho peke yake. Kilichoko mikononi mwa watu binafsi, ambacho ndicho kinachouzwa Sablon, haikigusi. Compton angeweza kukaa na upanga wake, hakuna aliyemlazimisha.

Lakini 84,000 ni orodha, na orodha inaweza kusomwa. Tunajua jambo hilo linawezekana kwa sababu limefanyika upande wa mti. Miaka ya 1930 Mbelgiji Frans Olbrechts, akilinganisha sanamu na viti vya Waluba kutoka mashariki mwa Kongo, aliona kwamba kadhaa vilikuwa na uso uleule mrefu uliochoka na mikono ileile mikubwa. Akatangaza kuwa ni kazi ya mtu mmoja, na kwa kuwa vitu viwili vilitoka kijiji cha Buli, akamwita Bwana wa Buli. Ni kazi ya Hon'ami hasa: kumwona fundi bila sahihi. Baadaye watafiti walikwenda eneo lenyewe wakauliza, wakaambiwa jina: Ngongo ya Chintu. Kiti kimoja cha mkono huo kiliuzwa Paris mwaka 2010 kwa zaidi ya euro milioni 5. Soko, kumbe, halichukii jina la Mwafrika likishapatikana.

Kwa visu kazi kama hiyo ingeanzia Niangara kwa Wamangbetu, Isangi kwa Watopoke na Mushenge kwa Wakuba, kwenye koo za wahunzi, na picha za katalogi kwenye simu: huyu aliyelivuta bapa namna hii alikuwa wa nyumba ipi, nani alimfundisha, watoto wake wako wapi. Wazee wenye majibu hawataishi milele, na barabara za kuwafikia ni mbovu. Lakini anayetakiwa ni mtu mwenye daftari, subira, Kiswahili na Lingala. Viza haitakiwi.